Wahusika wako ndani ya diski ila wamefungwa: ni haki kulipishwa tena?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga: "Shikamoo kaka. Nimenunua diski ya mtumba ya gemu ya kupigana, Street Fighter X Tekken ya PS3, inacheza freshi kabisa. Sasa rafiki yangu kanambia kuna wahusika 12 wengine wako humohumo kwenye diski ila Capcom, kampuni iliyotengeneza gemu, waliwafunga mpaka ulipe. Bro wangu anasema huo ni wizi, sawa na ununue kabati halafu uambiwe droo moja mpaka uongeze hela ndo upewe ufunguo. Je ni haki? Na kama nawataka nafanyaje, maana kuna fundi anasema anaweza kuwafungua?"

Marahaba mdogo wangu. Nikupe msimamo wangu kwanza halafu nikueleze kwa nini. Kulipisha kitu cha ziada kwenye gemu mi sioni dhuluma yoyote, na hata kukiweka ndani ya diski kikiwa kimefungwa siyo dhuluma kwa hicho chenyewe, ila vile Capcom walivyofanya kwenye hiyo gemu yako haikuwa haki kwa mteja, na hasira za watu mwaka 2012 zilikuwa na msingi kabisa japo wengi walielekeza hasira pasipo penyewe. Walikazania kwamba data iko kwenye diski. Mi nakazania kile ambacho mnunuzi hakuambiwa siku anatoa hela yake.

Mkasa ulikuwa hivi. Gemu ilitoka Machi 2012 kwa PS3 na Xbox 360, kule Marekani bei dola 60, ina wahusika 38, na nyie wa PS3 mkaongezewa watano wenu, akiwemo Pac-Man na Mega Man. Muda huohuo gemu inaingia sokoni, watu wanaojua kuchokonoa mafaili wakaifungua diski wakakuta humo ndani Sakura, Blanka, Guy, Cody, Dudley na Elena wa upande wa Street Fighter, halafu Bryan, Jack-X, Lars, Alisa, Christie na Lei wa upande wa Tekken. Na hawakuwa michoro nusunusu ya kusema kazi bado inaendelea, watu walikuwa wanawachezesha, wanapigana nao, video zikazagaa mtandaoni. Capcom wakasema hao 12 wameandaliwa kwa ajili ya toleo la PS Vita, mashine ndogo ya mkononi ya Sony, litakalotoka baadaye mwaka uleule, na kweli kwenye Vita walikuja bure ndani ya gemu, lakini mwenye PS3 au Xbox 360 akitaka alipe dola 20. Wakaanza kuuzwa mwisho wa Julai. Yaani kuanzia Machi mpaka Julai mtu ana diski mkononi, wahusika wamo ndani, hata kuwalipia hawezi kwa sababu tarehe haijafika.

Watu wakapeleka malalamiko Better Business Bureau, shirika la kule Marekani linalopokea kero za wateja dhidi ya biashara, na Capcom wakajibu kwamba wao hawaoni tofauti kati ya kitu kilichofungwa kwenye diski kikafunguliwa baadaye na kitu cha kupakua baadaye, yote ni njia tu ya kumfikishia mteja. Jibu lile liliwachoma watu kuliko kosa lenyewe. Lakini ukilitazama kwa utulivu nusu yake ni kweli, na ngoja nikueleze hiyo nusu ya kweli kwanza kwa sababu bila kuielewa utabishana na bro wako mpaka kesho.

Gemu ya diski haimalizwi leo ikauzwa kesho. Toleo la mwisho linafungwa wiki nyingi kabla, linapelekwa kwa wenye mashine, Sony wa PS3 na Microsoft wa Xbox 360, likakaguliwe kama halikwamishi mashine, likipita ndo diski zinachapwa, zinapakiwa kwenye makasha, zinasafirishwa madukani. Sasa ndani ya studio kazi haziishi kwa pamoja. Wachoraji na watu wa kutengeneza miondoko huwa wanamaliza mapema, maana huwezi kuwa unabadilisha sura ya mhusika wakati wenzako wanahangaika kuondoa hitilafu, kila ukigusa kitu unazalisha hitilafu mpya. Hao watu waliomaliza wafanye nini? Ama kampuni iwaachishe, ama iwape kazi nyingine, na kazi nyingine ya karibu kabisa ni hayo maudhui ya ziada. Kwa hiyo ukisikia kitu cha ziada kilikuwa tayari siku gemu inatoka, usikimbilie kusema kimekatwa kutoka kwenye gemu, inawezekana kabisa kilipangiwa bajeti yake na muda wake tangu mwanzo kama kitu cha pembeni.

Halafu kuna hili la kucheza mtandaoni, ambalo kwa gemu za kupigana ni kubwa sana. Mfano wewe hujamnunua Blanka, mimi nimemnunua, tumekutana online. Ili mashine yako ikuoneshe Blanka wangu anavyoruka na anavyopiga umeme, lazima iwe na data yake yote, mwili, sauti, mapigo, muda wa kila pigo. Data isipokuwepo hatuwezi kucheza. Njia ni mbili tu, ama kila mtu alazimishwe kupakua apdeti kubwa hata kama hanunui kitu, ama data iwekwe kwenye diski mapema na mnunuzi apakue faili dogo tu la kufungulia. Capcom walitaja sababu hiyo, pamoja na suala la ukubwa wa data, na kiufundi ni sababu ya kweli, hawakuitunga.

Na kwa sisi huku ina faida ambayo Mmarekani hata haifikirii. Mtu anayenunua bando la GB chache alitumie wiki nzima, akipakua wahusika kumi na mbili wenye uzito wa mamia ya MB bando limekwisha na simu ya nyumbani hajapiga WhatsApp. Faili la kufungulia ni KB chache, linashuka hata kwa mtandao wa kusuasua. Kwa hiyo wale wanaosema bora wangeuza kitu hichohicho kwa kupakua ndo ingekuwa haki, mi siwaelewi, kwa mteja wa Tanga hiyo ingekuwa gharama mara mbili, bei ya kitu na bei ya bando, na wahusika ni walewale.

Sasa tuje kwenye kabati la bro wako. Namwelewa, na wengi wanahisi kama yeye, ila mfano wake una tatizo. Kabati ukilinunua ni mbao zote zako, unaweza kulivunja, kulipaka rangi, kuliuza kipandekipande. Diski ile plastiki ni yako, lakini gemu iliyomo ni kazi ya mtu iliyolindwa na hakimiliki, na ulichouziwa ni ruhusa ya kuitumia kwa namna fulani, basi. Ndo maana unaweza kuiuza diski kwa mtu mwingine lakini huwezi kuichapa nakala mia ukaziuza. Kwa hiyo kuwepo kwa data kwenye diski peke yake hakukupi haki ya kuitumia. Kisheria bro hana kesi hapo. Lakini kisheria na haki ni vitu viwili, na kuna sehemu bro wako kagusa penyewe bila kujua: kinachomuudhi mtu kwenye lile kabati ni kwamba dukani aliona kabati zima, hakuna aliyemwambia kuna droo haifunguki.

Hapo ndo nasimama mimi. Mtu aliyeingia dukani Machi 2012 na dola 60, je alijua kwamba ananunua gemu ya wahusika 38 na kwamba kuna wengine 12 wameshakamilika na watauzwa kwa dola 20? Hakujua. Aligundua kwa sababu wachokonoaji walifungua mafaili. Kama Capcom wangetangaza wenyewe mapema, wakaandika kwenye kasha kwamba diski hii ina wahusika 12 wa ziada watakaouzwa mwezi wa saba kwa bei kadhaa, mnunuzi angepima mwenyewe, wengine wangesubiri, wengine wangenunua ya Vita, wengine wangesema liwalo na liwe. Uamuzi ungekuwa wao. Kumficha mtu habari ambayo ingebadilisha uamuzi wake, halafu ukamwambia hakuna tofauti, hiyo siikubali hata kidogo.

La pili ni hesabu, na hii watu wengi hawaifanyi. Dola 60 kwa wahusika 38 ni kama dola 1.58 kwa kila mmoja. Dola 20 kwa wahusika 12 ni kama dola 1.67. Ona hiyo. Bei ya kichwa ni karibu ileile! Lakini zile dola 60 zililipia kila kitu, uwanja wa mapigano, muziki, mfumo wa online, miaka ya kazi ya watu wengi, na wahusika juu yake. Zile dola 20 zinalipia wahusika peke yao wanaopanda juu ya jengo ambalo mteja keshalilipia. Kitu cha ziada kinapaswa kuwa rahisi kuliko hivyo kwa sababu msingi wake umeshalipiwa, sasa hapa kiliuzwa kwa bei kama ya gemu kamili, tena ongeza kwamba mwenzako wa Vita kawapata bila kuongeza senti. Hapo nasema bei haikuwa ya haki, hata tukisahau kufuli.

Na kuna kitu kingine kwenye gemu hiyo ambacho kilipata kelele kidogo kuliko kilivyostahili, vile vito vya nguvu. Mhusika wako unamvalisha vito vinavyomuongezea nguvu ya pigo, kinga, kasi, na baadhi ya vito vilikuwa vinapatikana kwa kuagiza gemu mapema au kwa kununua. Kwenye gemu ya mashindano, ambapo watu wawili wanakaa kupima nani mkali, kumuuzia mmoja nguvu ambayo mwenzake hana ni kuharibu mchezo wenyewe. Mhusika mpya unaweza kusema ni ladha tu. Nguvu siyo ladha.

Watu wa umri wangu hili linatuuma kwa namna nyingine. Kufuli kwenye gemu za kupigana halikuanza 2012. Aliyecheza Tekken 3 kwenye PlayStation ya kwanza anakumbuka unaanza na wahusika kumi tu, Jin, Paul, Law, Lei, King, Yoshimitsu, Nina, Hwoarang, Xiaoyu na Eddy, wengine wote wamefichwa, kina Kuma, Mokujin, Anna, Heihachi, Ogre, na ili uwapate unamaliza gemu kwa mhusika mmoja baada ya mwingine, kila ukimaliza anatokea mpya. Bryan Fury naye alikuwa hivyohivyo, unampata kwa jasho la vidole. Halafu 2012 Bryan huyohuyo anafungwa tena kwenye diski na ufunguo wake ni kadi ya benki. Yaani kile ambacho zamani kilikuwa zawadi ya kucheza kimegeuzwa bidhaa, na mtoto aliyekuwa anarudi shule anakimbilia kufungua mhusika mpya leo anakutana na bei. Mi naona kuna kitu kizuri kilipotea hapo na sitaki kujifanya hakikupotea.

Ila nisiwe mtu wa kusifia zamani tu, maana zamani hiyohiyo Capcom walikuwa wanakuuzia gemu nzima upya. Street Fighter II ilikuja 1991, ikaja Champion Edition 1992, ikaja Turbo, ikaja Super 1993, kila moja inaongeza kidogo, na kwa wa nyumbani kila kanda ilikuwa inanunuliwa kwa bei kamili. Mtu akikuuzia wahusika wanne peke yao kwa bei ndogo badala ya kukulazimisha kununua kanda mpya, huyo kakusaidia. Na gharama za kutengeneza gemu zimepanda mno huku bei ya dola 60 ikikaa palepale tangu enzi za Xbox 360 mwaka 2005 mpaka zilipoanza kuuzwa dola 70 mwaka 2020. Hela ya kuziba hilo pengo inatoka mahali, na maudhui ya kulipia ni moja ya hayo mahali.

Kwa wewe uliyenunua mtumba kuna upande mwingine unaokuhusu moja kwa moja. Miaka ileile makampuni yalikuwa yanachukia sana diski za mtumba, kwa sababu diski ikiuzwa mara ya pili wao hawapati kitu. EA, kampuni nyingine kubwa ya gemu, mwaka 2010 wakaanzisha namba ya kuchezea online, inakuja ndani ya kasha jipya na inatumika mara moja, mnunuzi wa pili akitaka kucheza online alipe dola 10, wakaja kuiacha 2013 baada ya malalamiko. Gemu ya Batman: Arkham City ya 2011 nayo sehemu za kumchezesha Catwoman zilikuwa zinafunguliwa kwa namba iliyomo kwenye kasha jipya, ukinunua mtumba unalipia. Hii mi naiona mbaya kuliko ya Street Fighter X Tekken, kwa sababu mtu wa kwanza alishalipia kitu kizima, alipokuuzia wewe alikuuzia kitu kizima, kampuni ikaingia katikati ikakata kipande ikakuuzia tena. Kwenye diski yako haikuwa hivyo, hao 12 hata mwenye diski wa kwanza hakuwa nao mpaka alipe, na kama alilipa basi wamebaki kwenye akaunti yake, hawafuati diski.

Mbaya zaidi ya hizo zote kwangu ni gemu ya Asura's Wrath, nayo ya Capcom na ya mwaka huohuo 2012. Hadithi unaifuata mpaka mwisho, halafu mwisho wa kweli wa hadithi unauzwa kando. Hapo huhitaji mtaalamu, aliyeuziwa hadithi ana haki ya kujua iliishaje.

Ukitaka kuona namna nzuri ya kulipisha, tazama gemu ya The Witcher 3 ya Wapolandi wa CD Projekt, mwaka 2015. Vitu vidogovidogo, mavazi, kazi ndogo za ziada, vifurushi 16, walivitoa bure kwa kila mwenye gemu. Halafu wakauza viwili vikubwa, Hearts of Stone na Blood and Wine, na hicho cha pili kilikuja 2016 kina nchi mpya kabisa na saa nyingi za kucheza, kwa dola 20. Dola 20 zilezile za wahusika 12. Gemu ya kwanza ilikuwa imekamilika bila hivyo, kila mtu alijua ananunua nini, hakuna aliyelalamika na watu walilipa kwa furaha. Hata kile kitu kilichochekwa dunia nzima, lile vazi la chuma la farasi kwenye gemu ya Oblivion mwaka 2006, dola 2.50 kwa pambo tu la farasi, lilikuwa ghali kwa kilivyokuwa lakini halikumdanganya mtu. Uliona farasi, uliona vazi, uliona bei, unachukua au unaacha.

Nisiende mbali sana kwenye yale maboksi ya bahati nasibu, unayolipia bila kujua ndani mna nini, kwa sababu hukuuliza, ila ujue huko ndiko ugomvi ulikohamia. Novemba 2017 gemu ya EA, Star Wars Battlefront II, ilitoka na Darth Vader akiwa amefungwa kwa pointi 60,000 za ndani ya gemu, wachezaji wakapiga hesabu wakakuta ni kama saa 40 za kucheza kwa mhusika mmoja, na maboksi ya kulipia yakiwa pembeni yanakusubiri uchoke. EA walipojaribu kujitetea Reddit, jukwaa la mijadala mtandaoni, jibu lao likapigiwa kura za kukataliwa zaidi ya 600,000. Wakashusha bei ya Vader kwa asilimia 75, wakazima mauzo ya hela halisi saa chache kabla ya gemu kutoka rasmi, na mwaka uliofuata wakabadilisha mfumo wote ukabaki unauza mapambo tu. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ikasema maboksi ya FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza FIFA Points, salio la kununulia maboksi hayo kwenye FIFA, nchini humo. Huko kwangu hakuna mjadala, mtu asiyejua atapata nini kwa hela yake anabeti, na kama ni mtoto basi mnambetisha mtoto.

Na ishu hii haiko kwenye gemu tu. Mwaka 2022 BMW walipingwa vikali kwa kutaka watu kwenye nchi kadhaa walipie kwa mwezi kupasha moto viti vya gari, na vifaa vya kupashia vimo tayari ndani ya viti ulivyonunua, wakaja kutangaza 2023 kwamba wanaacha. Pale kabati la bro wako linasimama vizuri kabisa, kwa sababu waya na chuma umebebeshwa wewe, unavisafirisha kila siku kwa mafuta yako. Data kwenye diski haina uzito wala haikugharimu chochote kuikalisha humo.

Kuhusu sheria zetu, hatuna sheria ya gemu ila za mlaji zipo na zinaangalia kilekile ninachokisema. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na msimamizi wake ni FCC, yaani Tume ya Ushindani. Wenzetu Kenya wameiweka mpaka kwenye Katiba, kifungu cha 46, kwamba mlaji ana haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na anachonunua. Hakuna sehemu inayosema ni marufuku kuuza kitu kilichofungwa. Wanachoangalia ni kama ulipotoshwa au ulinyimwa taarifa. Uliyenunua diski kwa mtu mtaani huwezi kuifikisha Capcom popote kwa hili, nakuambia ukweli, lakini ukinunua gemu mpya dukani na kasha likaahidi kitu ambacho hakimo, hiyo una haki ya kuirudisha na kudai.

Turudi kwako sasa. Fundi kweli anaweza, na hata kule 2012 watu waliwafungua kabla hata hawajaanza kuuzwa. Lakini sikushauri. Kwanza ni kuvunja kufuli la kiufundi ambalo sheria za hakimiliki zinalilinda. Pili, ili awafungue lazima achezee programu ya PS3 yako yote, na mashine iliyochezewa ikigundulika mtandaoni inafungiwa, hapo umepoteza online ya gemu zako zote kwa ajili ya wahusika 12. Kama PS3 yako haikuchezewa mpaka leo, iache hivyo.

Njia ya halali ipo ila ina mitego, na huku kwetu mtego mkubwa ni eneo la diski. Kitu cha ziada cha kununua mtandaoni lazima kitoke eneo moja na diski, la sivyo unalipa, unapakua, na gemu haikitambui kabisa. Tazama ubavuni mwa kasha au kwenye diski yenyewe kuna herufi na namba. Ikianza na BLES ni ya eneo la Ulaya, na eneo hilo kwa Sony linajumuisha Afrika Kusini na nchi za Ghuba, ndo maana diski nyingi zinazokuja kwetu kupitia Dubai ni hizo. Ikianza na BLUS ni ya Marekani. Sasa wengi wetu tunafungua akaunti ya Marekani kwa sababu vocha zake zinapatikana kirahisi, halafu diski ni ya BLES, hapo umeliwa na hakuna wa kukurudishia. Akaunti ya diski ya BLES iwe ya nchi ya eneo lake, mfano Afrika Kusini au Falme za Kiarabu, na vocha iwe ya nchi ileile ya akaunti, vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Dubai.

Jingine, tangu Oktoba 2021 duka la PS3 halipokei kadi ya benki wala PayPal moja kwa moja, lazima salio liwe limeshaingia kwenye akaunti, ama kwa vocha ama kwa kuliweka kupitia PS4 au tovuti yao. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: fungua duka kwenye PS3 kwanza ukiwa na akaunti ya eneo sahihi, tafuta Street Fighter X Tekken, uone kwa macho yako kwamba wale 12 bado wanauzwa na kwa bei gani, ndo uende kununua vocha. Usianze na vocha, kwa sababu salio likishaingia halitoki. Maduka haya ya mashine za zamani hayana uhakika, la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024, na la PS3 lenyewe Sony walishatangaza kulifunga 2021 wakarudi nyuma baada ya kelele za watu. Ukikuta wapo na bei unaimudu, wachukue wiki hiyohiyo, na faili likishashuka jaribu mhusika mmoja papo hapo kabla hujafuta mtumiaji yeyote wala kuhamisha akaunti kwenye hiyo mashine.